Tuzifahamu kansa za kizazi: nani yumo hatarini zaidi?



Mama mmoja wa miaka 54 alifika kwetu siku ya gulio la Tengeru. Alikuwa ameuza ndizi zake mapema, akaona apitie hospitali kabla ya kupanda gari kurudi kwake mlimani. Alisema anasumbuliwa na kiuno. Tulipomwuliza habari za siku zake, alicheka kidogo akajibu, "Hizo zilikoma nikiwa na miaka 50, ila mwaka huu zimerudi. Wenzangu wananitania kwamba nimerudia usichana." Damu hiyo ilikuwa inakuja na kuondoka kwa miezi minane. Haikuwa na maumivu, naye hakuwa na haraka.

Tulimwuliza kwa nini hakuja mapema. Alifungua mkoba akatoa kadi iliyokunjwa vizuri. "Si mlinipima wenyewe nikiwa na miaka 49? Mkaniambia kizazi changu ni kizima."

Ni kweli, tulimpima sisi. Ni kweli pia kwamba siku ile hatukuona ubaya wowote. Lakini tulichokipima kilikuwa mlango wa kizazi tu, nasi tukamwambia "kizazi". Neno moja tuliloliacha lilimpa amani isiyo ya kweli kwa miezi minane. Kwa ajili ya mama huyu (tumebadili mambo machache asitambulikane) mwezi huu tumeona tueleze vizuri jambo ambalo hata sisi wauguzi tumezoea kulisema kwa mkato.

KIZAZI NI NINI?

Chukua parachichi, uligeuze ili upande mwembamba uelekee chini. Hivyo ndivyo kizazi cha mwanamke kilivyo, ingawa chenyewe ni kidogo zaidi. Sehemu pana ya juu ndiyo mji wa mimba, yaani chumba anamokaa mtoto. Sehemu nyembamba ya chini ndiyo mlango wa kizazi, ambao wengine huuita shingo ya kizazi. Chumba kina utando laini ndani yake. Kila mwezi utando huo hunenepa kumngojea mtoto, na asipopatikana hubomoka na kutoka kama damu ya mwezi.

Kansa, au saratani, ni hali ya chembe hai za mwili kuanza kuongezeka ovyo, bila kufuata utaratibu, na mwishowe kuvamia sehemu nyingine. Chembe za mlango zinaweza kupata kansa, na chembe za utando wa chumba nazo zinaweza. Sisi huziita zote "kansa ya kizazi", kumbe ni magonjwa mawili. Chanzo chake ni tofauti, walio hatarini ni tofauti, na hata vipimo ni tofauti.

KANSA YA MLANGO WA KIZAZI

Hii ndiyo inayowaua akina mama wengi zaidi hapa kwetu. Makadirio ya mwaka 2020 ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, yalionyesha kwamba katika Tanzania wanawake zaidi ya 10,000 waliugua ugonjwa huu mwaka huo, na zaidi ya 6,000 walifariki.

Chanzo chake kinajulikana. Karibu kansa zote za mlango wa kizazi husababishwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kukutana kimwili. Viko vya aina nyingi, lakini aina mbili tu, namba 16 na namba 18, husababisha kiasi cha kansa 7 katika kila 10. Watu wengi walio katika ndoa hupata virusi hivi wakati fulani wa maisha yao, na mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Kwa wanawake wachache hubaki, na polepole huharibu chembe za mlango. Safari hiyo huchukua miaka 15 hadi 20 kwa mwenye kinga nzuri ya mwili. Kwa mwenye kinga dhaifu yaweza kuwa miaka 5 hadi 10.

Walio katika hatari zaidi ni hawa:

1. Mwanamke aliyeanza mambo ya ndoa akiwa bado msichana mdogo, kwa kuwa mlango wake ulikuwa haujakomaa.

2. Mwanamke mwenye wapenzi wengi, au ambaye mume wake ana wapenzi wengi. Mama aliye mwaminifu kabisa anaweza kuambukizwa nyumbani mwake.

3. Mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI. Hatari yake ni kama mara sita ya ile ya mwanamke asiye navyo.

4. Mwanamke aliyezaa mara nyingi, hasa mara tano na zaidi, au aliyezaa mapema mno.

5. Mwanamke anayevuta sigara.

6. Mwanamke ambaye hajawahi kupimwa. Virusi hupewa miaka yote hiyo ya kufanya kazi bila mtu kuvishtua.

KANSA YA MJI WA MIMBA

Hii ndiyo kansa ya chumba chenyewe. Hapa kwetu ni chache kuliko ile ya mlango, lakini katika nchi kama Marekani imeizidi mbali. Wenzetu wa huko wamepima milango kwa miaka mingi na kansa yake imepungua, lakini unene wa mwili umeongezeka sana. Jambo hilo latuhusu na sisi, kama tutakavyoona.

Kansa hii haitokani na virusi vya HPV. Mara nyingi inahusiana na vichocheo vya mwili. Mwanamke ana vichocheo viwili vinavyotawala utando wa chumba. Kimoja huitwa estrojeni, na kazi yake ni kuunenepesha utando. Cha pili huitwa projesteroni, na kazi yake ni kuutuliza na kuufanya utoke kwa utaratibu. Mkulima atatuelewa haraka: estrojeni ni kama mbolea, projesteroni ni kama palizi. Shamba linalotiwa mbolea kila siku bila kupaliliwa hujaa magugu.

Siku zikishakoma, ovari za mama huacha kutoa vichocheo hivyo kwa kiasi cha zamani. Lakini mafuta ya mwili nayo hutengeneza estrojeni. Kadiri mafuta yanavyozidi, ndivyo mbolea inavyoendelea kumwagika, wakati mpaliliaji amekwisha kuondoka. Ndiyo maana walio katika hatari zaidi ni hawa:

1. Mwanamke mwenye umri wa zaidi ya miaka 50, hasa ambaye siku zake zimekoma.

2. Mwanamke mnene kupita kiasi. Hatari yake ni kama mara mbili hadi nne ya ile ya mwenye uzito wa kawaida, nayo huzidi kadiri unene unavyozidi.

3. Mwenye kisukari, na mwenye shinikizo la juu la damu. Magonjwa haya mara nyingi huandamana na unene.

4. Mwanamke ambaye hakuzaa kamwe. Mimba huupumzisha utando wa chumba kutokana na mbolea ile.

5. Aliyevunja ungo mapema sana, au ambaye siku zake zilichelewa kukoma.

6. Ambaye tangu usichana siku zake hupotea miezi mitatu au minne, na si kwa sababu ya mimba au kunyonyesha.

7. Aliyetumia dawa za estrojeni peke yake, bila projesteroni.

8. Anayetumia dawa ya tamoksifeni kwa ajili ya kansa ya titi. Mama wa namna hiyo asiiache dawa yake, kwa maana faida yake ni kubwa kuliko hatari. Ila akiona damu asingoje.

9. Ambaye ndugu zake wa damu wameugua kansa ya mji wa mimba au ya utumbo mpana, hasa wakiwa bado vijana.

Wasomaji hutuuliza mara nyingi kuhusu vidonge vya kupanga uzazi. Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hilo yana mahali pake; hapa tunajibu la ugonjwa tu. Vidonge vyenye vichocheo vyote viwili, vikitumiwa miaka mitano na zaidi, huongeza kidogo hatari ya kansa ya mlango, lakini hupunguza hatari ya kansa ya chumba. Hata hapa mnaona jinsi magonjwa haya mawili yanavyopishana.

MAFUNZO KUTOKA KWA MASISTA WA ITALIA

Mwaka 1842 daktari mmoja wa Italia, jina lake Domenico Rigoni-Stern, alitoa hesabu ya vifo vya mji wa Verona kuanzia mwaka 1760 hadi 1839. Aliona jambo la ajabu. Masista hawakufa sana kwa kansa ya kizazi kama wanawake walioolewa, lakini walikufa zaidi kwa kansa ya matiti. Wakati ule hata madaktari walisema "kansa ya kizazi" tu, kama tunavyosema sisi, na nyingi ya hizo zilikuwa za mlango. Ilipita zaidi ya miaka 100 kabla ya sababu yake kujulikana. Mjerumani Harald zur Hausen alionyesha kwamba virusi vya HPV ndivyo vinavyoleta kansa ya mlango, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Basi, je, sista au mwanamke mwingine asiyeolewa amesalimika? Kwa mlango, hatari yake ni ndogo sana. Kwa chumba, sivyo. Kwa kuwa hakuzaa, hatari yake ya kansa ya mji wa mimba, ya ovari na ya matiti ni kubwa kidogo kuliko ya mama mwenye watoto. Kwa upande mwingine, mama wa watoto wanane amepumzishwa chumba, lakini yafaa auangalie mlango wake kwa makini zaidi. Hivyo hakuna mwanamke katika parokia awezaye kusema, "Hayo hayanihusu mimi." Lililo tofauti ni mahali pa kuangalia.

Tena tusisahau: kuwa hatarini si kuwa mgonjwa. Wengi wenye mambo tuliyoyataja hawataugua kamwe, na wapo watakaougua bila hata moja. Orodha hizi si za kumhukumu mtu wala kumchunguza jirani. Ni za kutuambia nani asichelewe.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

(a) Damu yoyote baada ya siku kukoma kwa mwaka mzima, hata tone moja, hata kama haiumi. Katika wanawake kumi wanaopata damu ya namna hii, karibu mmoja hukutwa na kansa ya mji wa mimba. Tisa hukutwa na mambo mengine. Lakini hakuna ajuaye yeye ni yupi mpaka apimwe. Siku zilizokoma hazirudi, na hakuna kurudia usichana.

(b) Damu baada ya tendo la ndoa.

(c) Damu katikati ya mwezi, au siku nyingi na nzito kuliko desturi yako, hasa baada ya miaka 40.

(d) Uchafu wenye harufu mbaya, au majimaji yaliyochanganyika na damu.

(e) Maumivu ya kiuno na nyonga, miguu kuvimba, na kukonda. Hizi mara nyingi ni dalili za kuchelewa. Msizingoje.

VIPIMO

Mlango hupimwa hata kabla ya dalili yoyote. Muuguzi huupaka siki nyepesi iliyotayarishwa kwa kazi hiyo, kisha hungoja dakika moja na kuangalia. Mahali penye chembe zilizoanza kuharibika hugeuka kuwa peupe. Kazi yote haizidi dakika chache. Pakionekana peupe si kwamba ni kansa tayari. Mara nyingi sehemu hiyo huweza kutibiwa siku ileile kwa kugandishwa kwa baridi kali au kwa kuchomwa kwa joto, na kansa isitokee. Hapa nchini wanaolengwa hasa ni wanawake wa miaka 30 hadi 50, na wenye virusi vya UKIMWI huanza mapema na kurudi mara kwa mara zaidi. Katika vituo vingi vya serikali kipimo hiki hutolewa bila malipo. Ulizeni katika kituo cha afya kilicho karibu nanyi, au katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru.

Lakini yashikeni mambo mawili. La kwanza, baada ya siku kukoma, sehemu inayotazamwa kwa siki hurudi ndani, hivyo kipimo hicho hakitegemewi tena. Mama wa umri huo aulize kipimo kingine. La pili, na ndilo kubwa, kipimo cha mlango hakioni chumba. Jibu la "mzima" la mlango halisemi lolote juu ya mji wa mimba.

Kwa chumba hakuna kipimo cha kuwapitia watu wote wasio na dalili. Hapo kengele yetu ni damu. Mama akiona damu, daktari humpima kwa ultrasaundi kuona unene wa utando, na huchukua kinyama kidogo kutoka ndani ili kipelekwe maabara. Jibu la kinyama ndilo linaloamua.

KINGA

Kwa mlango, kinga ya kwanza ni chanjo ya HPV. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaanza kutolewa mara moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Wazazi wengine wameambiwa kwamba chanjo hii hufunga kizazi. Si kweli. Huzuia virusi vinavyoharibu kizazi. Kinga nyingine ni uaminifu wa wote wawili katika ndoa, kutoharakisha wasichana kuolewa, kuacha sigara na kupimwa. Binti aliyechanjwa naye atapimwa akifikia umri.

Kwa chumba chanjo hiyo haisaidii, kwa maana virusi sivyo chanzo. Kinga yake ni kupunguza unene, kutibu kisukari na shinikizo la damu, na kuushughulisha mwili. Kila mtu aweza kujipima. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha gawanya uzito wako wa kilo kwa jibu hilo. Mama wa mita 1.60 na kilo 85 atapata hivi: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, 85 gawanya kwa 2.56 ni 33. Jibu likiwa 25 au zaidi uzito umezidi. Likifika 30 huo ni unene wa hatari.

Bibi zetu walishuka kwa miguu kutoka Nkoaranga na Akheri na mkungu wa ndizi kichwani, wakapanda tena jioni. Sisi tunapanda bodaboda hata kwenda dukani, na chakula cha mchana mjini ni chipsi na soda. Hatuwaambii mrudie mikungu. Tunawaambia mtembee nusu saa kila siku, mpunguze mafuta, sukari na soda, na mboga zijae sahani. Wala tusiusifu unene kama dalili ya ndoa njema.

KWA AKINA BABA

Akina baba, nanyi mmesoma mpaka hapa, tunawashukuru. Mkeo akiambiwa ana HPV, usimpige wala usimshutumu. Virusi hivi vyaweza kukaa kimya miaka mingi, na hakuna kipimo kinachoweza kusema vilitoka kwa nani. Akikwambia ameona damu, usimjibu "ngoja tuvune kwanza". Nauli ya kwenda kupimwa ni ndogo kuliko gharama ya kuchelewa. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2011 jinsi magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kutafuta kikombe. Hatumcheki aliyekwenda, kwa maana mgonjwa hutafuta kupona. Lakini hakuna kikombe wala mizizi inayoweza kuonyesha kilichomo ndani ya mji wa mimba. Pimeni kwanza.

Ugonjwa ukigundulika, tiba ipo. KCMC Moshi ina kituo cha kansa kilichofunguliwa mwaka 2016, na Dar es Salaam iko Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kansa ya chumba inayogunduliwa mapema, mara nyingi huisha kwa upasuaji wa kuondoa kizazi.

MAMA WA GULIO LA TENGERU

Mama yetu alipimwa. Uzito wake ulikuwa umezidi, alikuwa na kisukari bila kujua, na alizaa mtoto mmoja tu. Mambo haya yote yalikuwa wazi mbele yetu alipokuja akiwa na miaka 49, nasi hatukuunganisha. Kinyama kilionyesha kansa ya mji wa mimba. Alipelekwa hospitali kubwa akafanyiwa upasuaji, na ugonjwa ukakutwa bado haujatoka nje ya chumba. Anaendelea na kliniki, na ndizi bado anauza. Laiti mwenzake mmoja gulioni asingalimwambia "hiyo si kawaida, nenda", pengine tungeliandika habari nyingine.

Sisi wauguzi tangu siku ile tumebadili maneno yetu. Tukimpima mtu hatumwambii tena "kizazi chako ni kizima". Tunasema, "Mlango wa kizazi chako leo ni mzima. Ukiona damu isiyo ya kawaida, au damu baada ya siku kukoma, rudi hata kama kadi hii inasema mzima." Nanyi mkiambiwa kwa mkato, tuulizeni: "Mmepima mlango, au chumba?" Hatutakasirika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI, KATIKA JUMUIYA NA KATIKA WAWATA

1. Katika familia yetu, nani amefikia umri wa kupimwa mlango na bado hajaenda? Kinachomzuia ni nini: nauli, aibu, au ruhusa?

2. Binti zetu wa miaka 9 hadi 14 wamepata chanjo?

3. Kuna bibi au shangazi aliyetaja kwa mzaha kwamba siku zake zimerudi? Nani atafuatana naye hospitali wiki hii?